Wikiendi ya kwanza ya skii ukitokea Munich: mwongozo kwa mwanafunzi aliyezoea jua

Januari ya kwanza ukiwa Munich, wenzako wa darasa watakuuliza, "Jumamosi twende Garmisch?" Utaitikia kwa adabu bila kujua unaitikia nini. Mimi niliitikia hivyo hivyo. Nikaenda na suruali ya jinzi na soksi jozi mbili mbili, nikarudi nimelowa chepechepe, kucha za vidole gumba vya miguu zimevia damu. Moja ilidondoka mwezi wa tatu. Mwongozo huu nauandika ili za kwako zibaki mahali pake.

Nachukulia kwamba hujawahi kusimama juu ya skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, una siku mbili, na pesa yako ni ya stipendi, haina ziada. Nakupeleka Garmisch-Partenkirchen, mji ulio chini ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Kwa aliyeuona Kibo hiyo si habari kubwa, lakini Kibo hakuna lifti. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936 ilifanyika hapa, na kutoka Munich ni mwendo wa kama saa moja na dakika ishirini kwa treni ya kawaida.

Ukikumbuka jambo moja tu katika haya yote, likumbuke hili: pesa kidogo uliyonayo itie kwenye buti na mwalimu. Vingine vyote azima.

Hatua ya 1: Chagua wikiendi, wiki tatu kabla

Msimu unaoaminika ni kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Garmisch yenyewe iko kwenye kimo cha mita 700 hivi tu, kwa hiyo Desemba unaweza kukuta miteremko ya chini ni utepe mweupe wa theluji ya mashine katikati ya majani mabichi. Epuka tarehe 1 Januari, siku ya mashindano ya kuruka na skii, mji unapojaa pomoni. Epuka pia wikiendi ya Kombe la Dunia la skii kwenye mteremko wa Kandahar, ambayo huangukia Januari au Februari, na wiki ya likizo ya shule za Bavaria wakati wa kanivali. Siku hizo vitanda ni ghali na darasa la wanaoanza lina foleni ya watoto wa miaka minne ambao, nakuonya mapema, watakupita.

Kabla hujalipa popote, ingia kwenye ratiba ya idara ya michezo ya chuo. Vyuo vya Munich huandaa safari na kozi za skii kwa wanafunzi, na bei yake huwa nafuu kuliko ukijipangia mwenyewe. Nafasi huisha haraka, kwa hiyo weka kengele kwenye simu siku ya kufunguliwa usajili.

Alhamisi kabla ya safari angalia kamera za mlimani kwenye mtandao. Angalia na upepo. Kuna upepo wa kusini unaoitwa Föhn, unashuka kutoka Alps ukiwa mkavu na wa joto. Unaweza kuyeyusha theluji ya wiki nzima kwa siku mbili, na ukivuma kwa nguvu lifti husimamishwa. Wabavaria huulaumu kwa kila kichwa kinachouma. Utabiri ukisema Föhn Jumamosi, ahirisha.

Hatua ya 2: Karatasi

Beba kadi ya bima ya afya. Kagua pia kama una Haftpflichtversicherung, ile bima ya kulipia madhara unayomsababishia mtu mwingine. Wajerumani wengi wanayo, na kwa mwanafunzi gharama yake kwa mwaka ni ndogo. Ukimgonga mtu mlimani akavunjika mguu, utaelewa kwa nini wanaipenda. Kama unafikiria kupanda milima mara kwa mara, uanachama wa Alpenverein, chama cha wapanda milima, unakuja na bima ya uokoaji.

Sasa jambo ambalo wenzako Wajerumani hawatakuambia kwa sababu halijawahi kuwagusa. Marafiki wakibadili mawazo njiani na kusema "twende upande wa Austria, ni karibu tu", hakikisha pasipoti na kadi yako ya ukaazi viko mfukoni, vyenyewe, si picha kwenye simu. Kwenda hakuna shida. Shida ni kurudi, kwa sababu Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mpaka wake na Austria tangu 2015. Basi lina watu hamsini, askari anapanda, na unajua vizuri ataanza kwa nani.

Hatua ya 3: Nguo

Kanuni ya kwanza: pamba ibaki nyumbani. Jinzi, fulana ya pamba, sweta la pamba, vyote hunywa maji na kukaa nayo. Ndani kabisa vaa nguo ya kubana ya sufu au ya plastiki ile ya michezo, katikati kitu cha joto, juu koti na suruali visivyopitisha maji. Suruali ya skii na koti azima. Uliza kwenye kundi la WhatsApp la bweni. Kila Mjerumani wa tatu ana suruali ya kaka yake kabatini. Nguo za ndani, glovu na soksi nunua zako. Maduka ya Aldi na Lidl huleta nguo za skii mwanzoni mwa msimu, na zinatosha kabisa.

Soksi ni jozi moja. Moja! Ndefu, nyembamba kiasi, isiyo na mikunjo. Ukivaa mbili, zinasuguana ndani ya buti na kubana damu, na mguu unazidi kupoa. Ndiyo makosa yaliyonila kucha.

Akina dada wenye rasta au nywele nene: kofia ngumu ijaribuni dukani nywele zikiwa vilevile zitakavyokuwa mlimani. Fundo la juu ya kichwa halitaingia. Suka au funga chini, usawa wa kisogo. Anayevaa hijabu achukue ile nyembamba ya kuvuta shingoni, isiyo na pini, kisha kofia juu yake inakaa bila tabu.

Na usidanganyike na rangi ya ngozi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, kwa hiyo unapigwa kutoka juu na kutoka chini. Nilibabuka chini ya kidevu, mahali ambapo jua la Tanga halijanigusa maisha yangu yote. Paka krimu ya jua, midomo paka mafuta ya mgando, na miwani ya theluji usivue.

Hatua ya 4: Kukodi vifaa, na hapa usione haya

Kodi Ijumaa jioni kama unalala Garmisch, au Jumamosi mapema. Nyumbani kabla hujaondoka, simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, pima mguu wako kwa sentimita. Buti za skii hupimwa hivyo: mguu wa sentimita 26 na nusu ni buti namba 26.5.

Ukifika utaulizwa uzito, urefu, umri na kama umewahi kuteleza. Sema kweli, hasa uzito. Majibu hayo ndiyo anayotumia fundi kukaza kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii. Kikikazwa kupita kiasi, ukianguka hakifunguki, na kinachofunguka ni goti. Kikilegezwa mno, skii inakuacha katikati ya kona. Kijana aliyejiongezea sifa mbele ya wasichana, akasema ameshateleza sana, amejikazia mwenyewe.

Kisha buti. Chukua dakika kumi na tano hata kama foleni nyuma yako inaguna. Ingiza mguu, piga kisigino sakafuni mara mbili kirudi nyuma, funga vibano vya juu kwanza, kidogo tu. Simama wima: vidole viguse mbele. Sasa kunja magoti mbele, muundi ukisukuma ulimi wa buti: vidole vinapaswa kujitoa pale mbele. Visipojitoa, buti ni ndogo. Kisigino kikiinuka, ni kubwa. Ile nguo ya ndani ya kubana ikunje juu ya buti, isiingie. Buti ibane kama mkono wa mtu anayekusalimia kwa nguvu, lakini isichome mahali pamoja. Ikichoma dukani, saa tano asubuhi utakuwa unalia.

Mimi mara ya kwanza niliona aibu. Duka limejaa, kijana wa kaunta ana haraka, kaniuliza "Passt?", yaani inakaa? Nikajibu "Passt." Haikukaa. Wewe sema hapana, nipe nyingine, na nyingine tena. Wanaojua hubadilisha mara tatu nne, na hakuna anayewacheka.

Skii za anayeanza zisizidi sana usawa wa kidevu. Fimbo chukua, ingawa mwalimu atakunyang'anya. Kofia ngumu ni lazima, haina mjadala.

Hatua ya 5: Treni

Ukiwa na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi, treni za mkoa hadi Garmisch zimeshalipiwa. Kama mko watu watano wasio nayo, nunueni Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku ya kundi, mgawane. Jumamosi na Jumapili inafanya kazi tangu usiku wa manane, siku za kazi hadi saa tatu asubuhi ndipo ianze. Pandeni kabla ya saa moja asubuhi, maana baada ya hapo ni kusimama na skii za watu zikikugonga masikio. Baadhi ya treni hukatwa njiani, mabehewa mengine yakaenda kwingine: soma kibao cha behewa lako, siyo cha jukwaani tu.

Kulala huko au kurudi? Kama una tiketi ya mwezi, rudi ulale kwako, uende tena Jumapili. Chumba cha usiku mmoja kinaweza kulipa darasa zima la siku ya pili. Ila mkiwa kundi, kuna Jugendherberge, hosteli ya vijana, na jioni ya kula pamoja wote mkiwa mnachechemea ina utamu wake.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kwanza, na ndiyo safari yenyewe

Nenda Hausberg, kwenye eneo la wanaoanza lililo chini ya mlima. Usinunue tiketi ya mlima mzima. Tiketi ya siku kwa mtu mzima inazidi euro 50, na siku ya kwanza utatumia mita mia tu za mlima huo. Ulizia kwanza shule ya skii ni tiketi gani wanayohitaji wanafunzi wao.

Lipa mwalimu, angalau nusu siku, darasa la kundi. Najua rafiki yako amesema atakufundisha bure. Rafiki huyo ameanza kuteleza akiwa na miaka mitatu, na hajui anavyofanya, kama wewe usivyojua unavyopanga ngeli ukizungumza. Atakupandisha juu, atasema "nifuate", atatoweka.

Mwalimu atakufundisha haya, na ukiyajua mapema utaelewa haraka.

Kuvaa: kwangua theluji chini ya buti, la sivyo haikamati. Weka skii kukingama mteremko, zisielekee bondeni, uanze na ile ya upande wa chini.

Kupanda: simama ubavu, hatua ndogo ndogo za pembeni, kama kaa.

Kusimama: ncha za mbele zikaribiane, visigino visukume nje, umbo la paa la nyumba. Wajerumani huliita plau, na watoto huambiwa "piza". Ukipanua paa, unapunguza mwendo. Ukilifunga, unaongeza. Ndiyo breki yako pekee leo, ifanyie mazoezi hadi mapaja yatetemeke.

Kukata kona: ukiwa umeshika paa hilo, elemea mguu mmoja. Ukielemea wa kulia, unaenda kushoto. Kichwa kinakataa, mwili unakubali.

Sasa lile gumu. Mteremko ukikutisha, mwili wote utataka kuegemea nyuma, kama mtu anayeshuka kilima cha matope. Ukiegemea nyuma, ncha za mbele zinanyanyuka, breki inakufa, na unaondoka kama embe lililodondoka juu ya bati. Fanya kinyume: muundi usukume ulimi wa buti, mikono mbele, kana kwamba umebeba sinia ya chai ya wageni na hutaki kumwaga. Mimi nilihangaika saa mbili nzima hadi mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuuza samaki, aliponishikisha fimbo mbili kwa ubapa mbele yangu akasema nisiziangushe. Mara ya tatu nikasimama pale nilipotaka kusimama. Nilitamani kumpigia mama yangu.

Kuanguka: ukiona imeshindikana, kaa chini kwa ubavu. Usijikinge kwa mkono ulionyooka, maana kifundo cha mkono na kidole gumba huumia hivyo. Kuinuka: zungusha skii ziwe chini yako kimteremko na zikingame, kisha jisukume. Kama zinaelekea bondeni, ukiinuka tu safari imeanza upya.

Hatua ya 7: Lifti na adabu za mlimani

Zulia linalotembea, ambalo wao huliita zulia la uchawi, ni rahisi: ingia, simama, tulia. Lifti ya kuburuta ni mtihani. Utapewa kijiti chenye umbo la nanga kikae nyuma ya mapaja. Usikikalie! Si kiti, kinakusukuma tu. Kila anayeanza hukikalia mara moja na kuanguka, lifti inasimama, watu wanatazama. Ukianguka, tambaa utoke njiani upesi. Lifti ya viti ni tulivu zaidi: fimbo mkono mmoja, kaa, teremsha nondo, na ukikaribia kituo nyanyua ncha za skii.

Njia zina rangi. Bluu nyepesi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe. Huku hakuna kijani kama Ufaransa, kwa hiyo bluu ya Garmisch si zote za mchezo. Kandahar itazame kutoka chini: kuna mahali mteremko wake unafika asilimia 92, na panaitwa "anguko huru" kwa Kijerumani.

Kuna kanuni kumi za kimataifa, lakini mbili zitakuokoa. Aliye chini yako ana haki ya njia. Wewe uliye juu ndiye unayemwona, basi ndiye wa kumkwepa. Na ukisimama, simama pembeni, kamwe katikati wala nyuma ya kinundu cha theluji ambapo huonekani. Ajali ikitokea, chomeka skii mbili zikiwa zimepishana juu ya mahali alipoanguka mtu, kisha piga 112.

Hatua ya 8: Chakula na swala

Beba mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai. Vibanda vya mlimani ni ghali na vingine hupenda pesa taslimu. Kama huli nguruwe, kumbuka supu ya njegere huja na soseji, na donge linaloitwa Speckknödel lina nguruwe ndani. Käsespätzle, tambi za jibini, kwa kawaida hazina nyama, ila uliza. Jagertee si chai ya kukupasha joto tu, ina ramu; ukitaka kitu cha moto kisicho na pombe sema Kinderpunsch.

Kwa wanaoswali, siku ya Januari ni fupi: adhuhuri huingia kama saa sita na nusu, alasiri karibu saa nane na nusu, na magharibi karibu saa kumi na moja. Kuvua buti za skii kwa ajili ya udhu ni kazi ya dakika kumi na jasho. Aliyevaa khofu, zile soksi za ngozi, tangu alfajiri anajua nafuu aliyonayo. Mkeka mwembamba wa kukunja unaingia kwenye begi, na nyuma ya kibanda huwa pametulia.

Utaulizwa tu kwenye foleni, "Kwenu mnateleza?" Wataje Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Au Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremko katika Olimpiki ya 2018. Kisha badilisha mazungumzo, kabla hawajakuomba uwaonyeshe.

Hatua ya 9: Saa nane na nusu, acha

Mapaja yakianza kutetemeka ukiwa umesimama tu, siku imekwisha. Alasiri theluji iliyolainika inaanza kuganda tena, kivuli cha mlima kinashuka, watu wamechoka na wengine wameshapitia Jagertee. Usiseme "moja ya mwisho". Nilisema hivyo, nikateremka uwanja wote wa mwisho kwa makalio, mbele ya basi la watalii.

Jumapili

Utaamka huwezi kushuka ngazi. Kama bado una hamu, rudi Hausberg nusu siku, na safari hii ukiwa na mwalimu jaribu bluu moja kutoka juu. Kama miguu imegoma, nenda Partnachklamm, korongo la mita 700 hivi lenye njia iliyochongwa kando ya maji. Wakati wa baridi kali barafu huning'inia kutoka juu kama mapazia, na kiingilio ni kidogo mno ukilinganisha na tiketi ya lifti. Vaa viatu vyenye kashata za kushika.

Kurudisha vifaa: skii za kukodi zinafanana kama mapacha, na watu huzichomeka zote pamoja nje ya kibanda. Asubuhi piga picha ya namba iliyo kwenye zako. Ukirudisha za mtu mwingine, unalipia za kwako. Na ukivua buti zile mara ya mwisho, ukaingiza mguu kwenye raba zako za kawaida, keti kidogo kwenye benchi la duka, usiharakishe. Kwenye treni utalala kabla ya Murnau, kituo cha njiani. Lala tu, inaishia Hauptbahnhof, kituo kikuu cha Munich.